Maneno ya Han-han

Septemba 4
Nimerudi nyumbani Luodong, mji wetu mdogo wa Taiwan, na mabegi mawili, kinasa sauti, na sanduku la vitu vya kuchezea ambalo Profesa Shih, msimamizi wangu, alinikabidhi kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga. Ndani kuna nyumba ya mbao, familia ya wanasesere, jiko dogo, samaki wa plastiki na mwavuli unaofunguka kweli. Kila mtoto wa chekechea atacheza na vitu hivyo hivyo, kwa muda ule ule, mimi nikiwa kando yake. Kisha nitaandika kila alichosema, nihesabu maneno yote, nihesabu na maneno tofauti, nigawanye haya tofauti kwa hayo yote. Jibu ndilo kipimo cha utajiri wa msamiati wake. Tasnifu yangu nzima imekalia hesabu hiyo ya kugawanya.

Mama ameniuliza, "Wan-chen, umesoma miaka yote hiyo ili ukacheze na watoto?"

Nimemjibu ndiyo. Akaniongezea supu.

Septemba 9
Mwalimu Mkuu Hsiao wa chekechea amenipokea kwa hotuba, akiniita Mwalimu Chien kila baada ya sentensi. Nilikuwa peke yangu ofisini mwake, lakini ilikuwa hotuba. Ameniomba jambo moja: nikipata matokeo ya mwanzo, nimpe. Januari kamati itakaa kuchagua watoto wa kupelekwa darasa la msaada wa lugha, lile la jengo la nyuma, na mwaka huu anataka wachaguliwe kwa namba, si kwa maneno ya watu. Nimeona ni ombi la haki. Nimekubali.

Septemba 12
Mvua.

Septemba 18
Leo nimekutana na You Tzu-han, miaka minne na nusu, ambaye kila mtu anamwita Han-han. Wengine inabidi niwabembeleze waanze. Huyu alianza kabla sijafunga mlango.

"Mwalimu, huyu samaki amekufa au amelala?"

"Wewe unaonaje?"

"Amekufa. Bibi anasema samaki wa macho meupe usimnunue, muuzaji mwongo. Haya, tumpike. Moto mdogo! Moto mdogo, ataungua! Huyu babu hana meno, mpe uji. Puliza, babu. Puliza tena. Si hivyo, babu, unatema mate!"

Alimlisha babu, akamgombeza baba, akawafungulia wote mwavuli kwa sababu nyumba "inavuja upande wa choo". Muda ulipoisha alikataa kutoka. Nilimbeba mpaka darasani, na njiani alikuwa bado anaongea.

Septemba 30
Kuandika sauti hizi ni kazi ya punda. Kichina hakina nafasi kati ya maneno, kwa hiyo kila sentensi lazima niamue mwenyewe neno moja linaishia wapi na lingine linaanzia wapi. Leo nimebishana na Profesa Shih kwenye simu: mtoto akisema "tazama-tazama", ni neno moja au mawili?

"Moja," akasema.

"Wiki iliyopita ulisema mawili."

"Wiki iliyopita nilikuwa na njaa."

Oktoba 3
Kimbunga. Shule zimefungwa. Mama na mimi tumebandika madirisha utepe, tumekula tambi siku nzima.

Oktoba 16
Namba za mwanzo zimetoka, nami sizielewi.

Wa kwanza ni Pin-rui, mtoto mpole ambaye siku yangu naye ilipita hivi: "Gari. Gari limeanguka. Mvua." Halafu akainamia samaki, kimya, mpaka mwisho.

Wa mwisho kabisa ni Han-han.

Nimerudia hesabu. Nikairudia tena. Ni ile ile. Nilikuwa nimeahidi, kwa hiyo nilipeleka orodha ofisini, ila nilimwambia Mwalimu Mkuu kwamba huyu wa mwisho ananitatiza.

"Mimi hanitatizi," akasema Hsiao. "Baba yuko kiwandani Taoyuan, anarudi mara moja moja. Mtoto anashinda na mama, na mama ni Mvietinamu. Kichina chake umekisikia? Mtoto atayatoa wapi maneno?"

"Lakini huyu mtoto haishiwi maneno."

"Kelele si maneno, Mwalimu Chien."

Aliniambia kwa upole, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Kisha nikajiambia kwamba yeye ana uzoefu, na mimi nina namba, na namba inamuunga mkono yeye.

Oktoba 21
Mvua. Viatu vimeota ukungu ndani ya kabati.

Oktoba 22
Mvua.

Oktoba 29
Sijui nianzie wapi.

Baada ya kazi nilipita sokoni, kwenye banda la bibi yake Han-han. Bibi You anauza chapati za kukaanga zenye vitunguu majani vya Sanxing, mji jirani, na foleni yake haikauki hata mvua inyeshe vipi. Yeye anakaanga na kupokea wateja. Mkwe wake A-Diep, mama yake Han-han, anakanda na kusukuma. Mwezi uliopita niliwahi kusimama pale. A-Diep alikuwa anasukuma donge huku akimweleza Han-han jinsi nyoka wa mtoni kwao alivyoingia jikoni mwa mama yake. Maneno ya Kichina yalikuwa yanapinda kidogo mdomoni mwake, lakini mtoto alikuwa amekodoa macho kama yuko sinema.

Leo banda lilikuwa kimya, ukiacha mafuta yanayochacharika. Han-han alikuwa amechuchumaa chini ya meza na konokono kwenye kiganja.

"Mama, konokono huyu kwenu anaitwaje?"

A-Diep alisukuma donge.

"Mama, ana macho au ni mapembe? Mama! Mama, sema!"

A-Diep akaweka kidole chenye unga mdomoni: shii. Akarudi kwenye donge lake.

Nilimuuliza Bibi You kama mkwe wake anaumwa koo.

"Haumwi. Nimemkataza. Azungumze na mtoto Kichina gani, kile cha kupinda? Shule imetuita. Wamesema mtoto ni wa mwisho, na sababu ni huyu. Basi afunge mdomo mpaka mtoto aingie darasa la kwanza. Mimi nitasema naye nikipata nafasi."

"Na unapata nafasi?"

"Huioni foleni hiyo?" Kisha akanitazama vizuri, mwiko ukiwa hewani. "Si wewe uliyempima?"

Watu kwenye foleni waligeuka. Nikasema ndiyo, ni mimi.

"Basi asante," akasema Bibi You, tena kwa moyo safi kabisa. "Bila wewe tusingejua." Akanifungia chapati yenye yai na kukataa nisilipe.

Sikuila. Niliishika mpaka ikapoa. Nilichokuwa nakiona ni uso wa A-Diep. Hakunikasirikia. Aliniinamia kidogo kama mtu anayeomba radhi kwa kumharibia mwenzake kazi.

Novemba 2
Nimempigia Profesa Shih nikamwambia kipimo chetu kina kasoro.

"Kasoro gani?"

"Sijui bado."

"Una kasoro au una mtoto unayempenda?"

"Vyote viwili."

"Kipimo hiki nimekifundisha tangu kabla hujazaliwa, Wan-chen. Niletee kitu kinachosimama kwa watoto wote, si kwa mmoja. Ukikileta, nitakisikiliza."

Novemba 3
NIMEKIPATA. Na ni kitu rahisi mpaka naona aibu.

Asubuhi nilikuwa mezani na karatasi za Pin-rui na za Han-han, moja nusu ukurasa, nyingine rundo. Nikajiuliza: ingekuwaje kama Han-han naye angenyamaza pale Pin-rui aliponyamaza? Nikachukua mwanzo tu wa maneno yake, yenye idadi sawa na yale ya Pin-rui, mengine nikayafunika kwa gazeti. Nikahesabu. Namba ikaruka kutoka mwisho hadi karibu na kilele.

Mtu akisema maneno kumi, karibu yote ni mapya. Akisema mia tano, lazima arudie "mimi", "hii", "nataka", "si hivyo", maana hakuna lugha inayokwenda bila hayo. Kadiri unavyoongea, marudio yanaongezeka, na kipimo chetu kinakushusha. Tumempa adhabu kwa kuongea! Pin-rui tumempa zawadi kwa kunyamaza!

Nilicheka kwa sauti. Mama akatoka jikoni mbio. "Umepata mchumba?"

"Nimepata kosa!"

Akarudi jikoni. Kwake mchumba ndiye angekuwa habari.

Novemba 20
Nafanya upya, watoto wote. Nafungua dirisha dogo juu ya maneno ya mtoto, lenye idadi ile ile ya maneno kwa kila mmoja wao, nahesabu maneno tofauti yaliyomo, nalisogeza dirisha neno moja mbele, nahesabu tena, mpaka mwisho. Kisha natafuta wastani. Aliyesema mengi na aliyesema machache wanapimwa kwa kibaba kimoja. Waliosema machache mno narudi kwao, nakaa chini, nasubiri.

Novemba 28
Pin-rui tena. Nimemletea malori, kwa kuwa baba yake alisema anapenda malori. Nimekaa naye asubuhi nzima. Alicheza kwa raha, alinipa lori jekundu nilishike. Maneno ni yale yale machache. Anataka kusema, naona shingo inakaza, halafu neno halitoki.

Mtoto huyu tulimwandika wa kwanza.

Desemba 5
Nimemwendea Mwalimu Mkuu nikamwomba aniruhusu nifute orodha. Amesema majina yameshakwenda kwenye kamati.

"Lakini orodha si sahihi."

"Oktoba ilikuwa sahihi, Desemba si sahihi. Februari itakuwaje?" Akapanga karatasi zake zikalingana kingo. "Njoo kwenye kikao Januari, uwaeleze. Mimi si adui yako, Mwalimu Chien. Nataka tu mtu anipe jibu moja lisilobadilika."

Kutoka hapo nikaenda sokoni. Bibi You alikuwa amekwenda kununua mafuta, nikampata A-Diep peke yake. Nikamweleza yote: kosa ni la kipimo, si lake wala la mtoto, na tafadhali azungumze na mwanawe.

Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono ndani ya unga. Kisha akasema, sauti ikiwa chini kama imesahau njia:

"Mwalimu, mara ya kwanza namba ilisema ninyamaze. Leo inasema niseme. Mwezi ujao je?"

 

Desemba 11
Mvua. Mafua.

Desemba 19
Nimemrekodi Han-han mara ya pili, kama ratiba inavyotaka.

Aliingia, akakaa. Alimweka babu kitini, na bibi mlangoni. Akamchukua mwanasesere mama, akamlaza kifudifudi nyuma ya jiko.

"Mama amelala?" nikamuuliza.

"Hapana."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Kichina chake kibaya."

Basi. Alizungusha samaki mkononi. Aliangalia mvua dirishani. Muda ulipoisha alisimama mwenyewe na kuondoka mwenyewe.

Niliandika maneno yake, na mara hii rundo halikuwepo. Nikapiga hesabu kwa kipimo cha zamani. Amepanda! Kutoka mwisho amefika nafasi za juu. Kipimo kinampongeza. Kadiri alivyozidi kunyamaza, ndivyo kilivyomwona tajiri. Kwa dirisha langu ameshuka, na kushuka huko ndiko niliko­kuona kwa macho yangu mawili.

Nimemtumia Profesa Shih karatasi zote mbili, ya Septemba na ya leo, bila maelezo.

Desemba 21
Leo ndiyo siku yenye mchana mfupi kuliko zote mwakani, na desturi ni kula vidonge vya unga wa mchele. Mama kavijaza ufuta. Nimekula bakuli mbili.

Desemba 27
Profesa Shih ameshuka na treni ya asubuhi kutoka Taipei, bila kuniambia, na mwavuli uliovunjika ubavu mmoja. Aliingia, akavua viatu, akaomba nimsikilizishe rekodi. Ile ya Septemba ilimchekesha. "Unatema mate, babu!" alirudia. Ile ya pili aliisikiliza akiwa amefumba macho.

Ilipofika "Kichina chake kibaya" aliinua mkono nizime.

Nilidhani atazungumzia hesabu.

"Watoto wangapi nimewapanga kwa kipimo hiki," akasema. Halikuwa swali. Akafuta miwani. "Haya. Nioneshe dirisha lako. Nioneshe mahali linapovuja, kabla hao wa kamati hawajapaona."

Tumefanya kazi mpaka treni ya jioni. Amepata mahali pawili panapovuja. Tumepaziba pote pawili.

Januari 9
Naandika bado nimevaa koti.

Kikao kilikuwa katika ukumbi wa shule: kamati mezani, wazazi kwenye viti vya watoto, magoti yakiwagusa videvu. Bibi You alikuwa mbele, amefunga banda kwa ajili ya jambo hili, kitu ambacho kimbunga chenyewe hakikuweza kumfanyisha. A-Diep alikaa nyuma yake. Kabla ya kuanza niliomba ruhusa ya kurekodi kikao, Mwalimu Mkuu akakubali, kisha akafungua kwa hotuba. Ilikuwa ndefu, na kwa kweli ilikuwa nzuri. Wakati anaongea, mlinzi, Bwana Pan, alichungulia mlangoni akasema, "Mwavuli wa nani huu? Unavuja," akaondoka.

Zamu yangu ilipofika, sikuanza na dirisha. Nilikuwa nimewasha kompyuta tangu mwanzo, programu ambayo sauti za watoto zinaishinda lakini za watu wazima inaziweza ikiandika na kuhesabu maneno yenyewe, na ghafla nikajua la kufanya. Nikasema kwamba nitawapima watu wazima wawili kwa kipimo kilichotoa orodha ya Oktoba.

"Bwana Pan: kila neno alilosema lilikuwa jipya. Amepata alama zote. Kwa kipimo hiki, hakuna mwenye msamiati tajiri kumzidi humu ndani."

Minong'ono.

"Mwalimu Mkuu Hsiao." Nikamgeukia. "Uniwie radhi. Umepata chini ya Han-han."

Nikaona masikio ya Hsiao yakigeuka mekundu, nikafikiri, tasnifu yangu ndiyo imekwisha hivyo.

"Heh!" Ilikuwa sauti ya Bibi You, ile ya kuita wateja. "Basi Mwalimu Mkuu naye aende jengo la nyuma!"

Walicheka wote. Mwenyekiti wa kamati alicheka mpaka akashika meza. Hsiao alisimama wima, akasubiri wamalize, kisha akaniuliza kwa sauti kavu, "Na kwa kipimo chako kipya?"

"Unaongoza ukumbi mzima."

Akarekebisha kola. "Naona kipimo kipya kimefanyiwa utafiti wa kina," akasema, nao wakacheka tena, safari hii pamoja naye.

Baada ya hapo walinisikiliza. Niliwaeleza dirisha. Niliwaonesha watoto wote, walio­panda, walioshuka, na wengi ambao hawakusogea. Profesa Shih, aliyeshuka tena kutoka Taipei, alisimama mwishoni mwa ukumbi akasema maneno machache tu: amekitumia kile cha zamani maisha yake yote, na kuanzia leo hakitumii.

Kwa rekodi ya Septemba, Han-han ni wa pili shule nzima. Niliwasomea baadhi ya maneno yake. Kichina kina kineno cha kuhesabia kwa kila aina ya kitu, na watoto wengi hutumia kimoja kwa vyote; yeye mwavuli aliupa chake, samaki chake, uji chake. Alijua kukanda, kusukuma, kukunja, kupaka, kugeuza. Alijua gamba, tope, mkondo wa mto.

"Haya ya mto," mwenyekiti akauliza, "nani kamfundisha? Bibi?"

"Mimi na mto wapi na wapi," akasema Bibi You. "Mimi hata kuogelea sijui." Akageuka nyuma, taratibu, kama mtu ambaye shingo inamuuma. "Ni huyu."

A-Diep alisimama. Kiti kidogo kilimganda kwenye sketi, akakibandua.

"Mimi," akasema. Kisha tukasubiri, na nikaogopa kwamba ni hilo tu. "Anauliza, mimi najibu. Nisipojua neno la Kichina, naeleza kwa maneno mengi, kwa mikono, naye ananitafutia. Anasema, 'Mama, unataka kusema mkondo?' Tunalitafuta pamoja. Kichina changu kinapinda, najua. Lakini tulikuwa tunafika." Sauti yake ilikuwa inapanda kidogo kidogo. "Miezi hii mtoto wangu ananiuliza, mimi naweka kidole hapa. Usiku anazungumza na ukuta. Sitaki tena. Namba iseme hivi, iseme vile, mimi nitasema na mwanangu."

Alikaa. Bibi You alikuwa anatazama sakafu. Kisha bila kugeuka akanyoosha mkono nyuma, akapapasa mpaka akapata goti la mkwe wake, akauacha mkono hapo hapo.

Kamati imefuta orodha ya Oktoba. Han-han anabaki darasani kwake. Pin-rui ndiye ataanza kupata msaada wiki ijayo, tena papo hapo darasani, si jengo la nyuma. Hsiao mwenyewe ndiye aliyelipendekeza hilo. Baba yake Pin-rui alinifuata nje kwenye mvua. "Nilijua," akasema. "Nilikuwa najua muda wote. Mlipotuambia ni wa kwanza, nikaona mimi ndiye mwendawazimu." Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Hsiao naye alinipita mlangoni. "Jibu lisilobadilika," akasema, "naona halipo."

"Halipo."

"Basi Septemba urudi, upime tena."

Januari 10
Nimelala mpaka adhuhuri. Mama hakuniamsha. Anawasimulia majirani, na katika simulizi yake Mwalimu Mkuu alilia.

Januari 24
Soko la mwaka mpya wa Kichina, huwezi hata kugeuka. Mvua imekatika leo kwa mara ya kwanza sijui tangu lini, na watu wamebeba miavuli iliyofungwa kama hawaamini.

Banda la Bibi You nililisikia kabla sijaliona. A-Diep alikuwa mbele, kwenye kikaango, na Bibi You nyuma akikanda. Mteja mmoja mwenye koti la manyoya alikuwa amelalamika kwamba vitunguu ni vichache, na A-Diep alikuwa anamjibu.

"Vichache? Dada yangu, fungua uone. Fungua! Hiki si kitunguu? Na hiki? Unataka nikuuzie shamba? Vya Sanxing hivi, asubuhi vilikuwa bado na tope, nimeviosha kwa mikono hii, ona vidole vilivyo­kunjana!"

"Basi, basi, nipe mbili," mteja akasema.

"Chukua nne, utarudi tu."

"Punguza sauti," Bibi You akasema kutoka nyuma, "unawatisha."

"Mama, wakati wako ulikuwa unawatisha zaidi, ndiyo maana foleni ilikuwa fupi."

"Foleni yangu ilikuwa fupi? Nani kasema? Wewe ulikuwepo?"

Wakaendelea hivyo, mmoja akikanda, mwingine akikaanga, na foleni nzima ikifurahia. Katikati yao, juu ya gunia la unga, alisimama Han-han, mdomo wazi, kidole juu, akitafuta mwanya wa kupenya. Alijaribu upande wa bibi, mwanya haukuwepo. Akajaribu upande wa mama.

"Mama! Mama, na mimi nataka kusema!"

"Subiri," A-Diep akamwambia, akigeuza chapati, "mama hajamaliza."